Nishani Nilizozisugua kwa Jivu

Machi 3, 2014

Daftari hili ni la Turki, mtoto wa kwanza wa nyumba hii. Aliandika hesabu kurasa sita akachoka, nami nikaliokota kwenye pipa la taka. Shule sikuenda hata siku moja. Herufi nilizipata nikiwa tayari mama wa watoto wanne, nikichungulia madaftari ya mwanangu Laban huku naosha vyombo, kwa hiyo atakayeona makosa humu anyamaze nayo.

Naandika kwa sababu miguu yangu haitulii. Tangu asubuhi nimepiga deki sebule mara mbili na hakuna aliyenituma. Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini na moja Mei, zimebaki siku themanini na tisa. Maryann, kitinda mimba wangu kule Webuye, atajifungua mwanzoni mwa Juni. Mimba mbili zimemtoka. Ya pili ilitoka nikiwa hapa Riyadh, nikapata habari kwa simu nikiwa nimeshika shati la watu mkononi. Safari hii nimemwambia, mtoto huyu ataoshwa na mikono yangu, na mimi nikisema kitu nimesema.

Lakini ili nitoke, Baba Turki, ambaye ndiye kafili wangu, mwajiri mwenye dhamana yangu hapa, lazima asaini hati ya kutoka. Paspoti yangu iko kwenye droo yake tangu siku niliyofika. Humo ndani imeandikwa kwamba nina miaka arubaini na tatu. Ajenti aliniambia nguo zangu zibaki vile vile, miaka ndiyo ipunguzwe. Nina hamsini na saba, na magoti yangu yanajua.

Machi 4

Babai amenizuia mlangoni mwa jikoni mpaka chai ikafurika na kuzima moto.

Babai ni babu kwa lugha yao. Ni baba yake Madam Alsu. Hawa si Waarabu, ni Waislamu wa Urusi, Watatari wanaitwa. Baba Turki alienda kusoma huko akarudi na mke. Mzee aliletwa hapa mwaka jana baada ya mkewe kufa. Alikuwa askari wa kulinda mpaka miaka ishirini, na akili yake imerudi kazini bila yeye kuulizwa. Anavaa kofia ya kijani, anasimama mlangoni, ananyoosha kiganja na kusema, "Dokumenti." Usipompa kitu hupiti. Leo nilimpa mwiko. Aliugeuza huku na huku, akaniangalia usoni, akasema, "Niet." Nikarudi. Nilipompa mfuniko wa sufuria nikapita.

Mtu mzima naomba ruhusa ya kuingia jikoni kwa mfuniko.

Machi 5

Vumbi. Nimefuta madirisha bure.

Machi 9

Mzee huyu ni mzigo. Nasema ukweli. Uji hataki mpaka niuonje kwanza mbele yake, kana kwamba nimetoka ng'ambo ya adui. Madam naye hanisaidii, anapita tu kama baridi ya friji. Miaka miwili sijamwona akicheka. Kiarabu chake kimevunjika kama changu, ndiyo maana tunaelewana.

Machi 12

Nimefanya jambo na sijui nitalimezaje.

Wageni wa Baba Turki wanakuja kesho. Madam akaniambia nisafishe kabati la vioo sebuleni, kila kitu ndani, kila kitu. Humo ndimo zilimo nishani za Babai, tano, kwenye kisanduku chenye kitambaa cha bluu. Mbili rangi ya dhahabu, tatu rangi ya fedha, kila moja na utepe wa kijani wenye mstari mwekundu pembeni. Nikaziona zina ukungu kama vyombo vilivyokaa bila mwenyewe.

Kwetu mwanamke anajulikana kwa sufuria zake. Zinaanikwa juani kwenye uchaga, mkwe akipita njiani anajua mwanawe ameoa mke wa namna gani. Za humu ndani nazing'arisha kwa jivu la makaa ya chetezo, nalikusanya kwenye kopo la maziwa, naongeza ndimu. Madam mwenyewe aliwahi kushika sufuria yangu akajitazama uso. Kwa hiyo sikuuliza. Nilizitoa nishani, nikaketi chini, nikazisugua moja moja kwa roho safi, nikiimba.

Zile tatu za fedha zikatoka nzuri. Zile mbili za dhahabu zikatoka nyeupe.

Nilidhani ni jivu limeganda. Nikasuuza. Nikafuta kwa aproni. Dhahabu haikuwepo. Ilikuwa imepakwa juu tu, nyepesi kama utando wa maziwa, na mimi nimeibandua yote ikashuka na maji kwenye sinki. Yule askari mdogo aliyechorwa juu yake, mwenye bunduki, pua yake nayo imepungua.

Nimezirudisha. Zile mbili nimezigeuza uso chini, nikasogeza picha ya harusi mbele ya kisanduku. Wageni watakula wali, hawatakula nishani.

Machi 13

Wageni walikuja. Hakuna aliyeona. Mimi niliona nishani tu siku nzima.

Machi 15

Nimemwambia Hezekiah. Hezekiah ni dereva wa nyumba hii, kijana wa Lugari, ananiita Kukhu kama bibi yake mzaa mama. Tulikuwa uani akiosha gari.

"Kukhu, ulisugua nishani ya serikali ya watu kwa jivu?"

"Na ndimu."

"Na ndimu." Akaweka ndoo chini akakaa juu yake. "Ungeweka na chumvi ungekula."

"Usinicheke. Nipe akili."

"Akili ni hii. Nyamaza. Wewe unafikiri utasema jivu na Baba Turki aseme, ahaa, jivu? Atasema umeuza dhahabu ukaweka bati. Utaenda kujieleza polisi kwa Kiarabu chako cha jikoni. Maryann atazaa, mtoto ataota meno, wewe bado unaeleza."

"Mimi sijawahi kuiba hata kijiko."

"Najua. Lakini mimi siyo kafili wako. Subiri asaini, upande ndege, ukifika Webuye uandike barua ya kuomba msamaha, hata mbili."

Nimenyamaza basi. Mimi Rispah, niliyemwambia pasta wetu mbele ya watu kwamba mahubiri yake ni marefu, nimenyamaza.

Machi 21

Leo Madam alimpeleka Babai mbele ya kabati. Nilikuwa napangusa meza, nikapangusa pale pale mpaka rangi ikataka kutoka. Huwa anafanya hivi mara kwa mara ili mzee akumbuke. Anamwonyesha kisanduku kupitia kioo, mzee anatikisa kichwa na kugeuka. Leo pia akageuka. Madam akaniambia kwa uchungu, "Anasema si zake. Kila mara anasema ni za mtu mwingine. Akili imeisha, Rispah, halas."

Hakufungua kabati. Nilienda chooni nikakaa tu.

Machi 30

Maryann ametimiza miezi saba. Anasema mtoto anapiga teke akisikia redio.

Aprili 2

Hezekiah alichukua moja ya zile mbili, niliifunga ndani ya soksi, akaenda nayo soko la Batha kwa fundi wa dhahabu, yule Myemeni anayerudishia mikufu ya watu rangi. Aliporudi alikuwa ametoka jasho lililopita la joto.

"Ameikataa. Ameigeuza mara moja tu akanirudishia kwa kidole. Anasema hiki ni kitu cha askari na yeye hagusi cha askari. Kisha akaniuliza nimekitoa wapi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema cha babu yangu."

"Babu yako Mrusi."

"Ndivyo na yeye alivyoniangalia, Kukhu. Usinitume tena huko. Nina watoto watatu."

Nimeirudisha mahali pake. Sasa tuko wawili tunaoogopa, na mmoja hana kosa.

Aprili 6

Tangu leo kazi ya kumwosha Babai ni yangu. Mhindi aliyekuwa akija amehama. Nguo za ndani anavaa mwenyewe, anajua heshima. Mimi nilianza na miguu.

Mguu wa kushoto hana vidole viwili.

Nilimuuliza Madam jikoni. Akaniambia ni baridi. Kambi yake ilikuwa kando ya mto mkubwa, ng'ambo ni nchi nyingine, na wakati wa baridi mto unageuka barafu mtu anaweza kutembea juu yake. Kazi yao ilikuwa kusimama pale watu wasivuke.

"Walivuka wangapi?"

Akafikiri. "Zamu yake? Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo alisimama kwenye barafu miaka ishirini, vidole vikakatika, akimngoja mtu ambaye hakuja."

Madam akaniangalia, kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika meza. Nami nikacheka. Babai akaja mlangoni na kofia yake kuangalia ni fujo gani mpakani.

Baada ya hapo nilienda kufua nikalia kidogo, kwa sababu zile nishani alizilipia vidole.

Aprili 11

Vumbi tena. Jua limekuwa jeupe.

Aprili 20

Pasaka. Nimeimba huko juu darini kwenye kamba za nguo, sauti ya chini, midomo ndani ya shuka. Nilipogeuka Babai alikuwa ngazini. Sikujua alipandaje. Hakuomba dokumenti. Alisimama wima mpaka nikamaliza ubeti, ndipo akashuka. Nilimshika mkono ngazi zote.

Aprili 27

Madam amekaa nami jikoni nikikanda unga. Sijui kilichomleta. Akasema tu, "Mama alikufa Februari mwaka jana."

Nikasema pole, nilikuwepo, nakumbuka ulivyokonda.

"Hujui yote. Nilimwomba Baba Turki asaini ruhusa yangu ya kusafiri. Mke hapandi ndege hapa bila mume kusaini. Alisema watoto wana mitihani. Alisema wiki ijayo. Akasaini, mama akiwa ameshazikwa siku nne."

Nilikuwa na unga mikononi, sikumgusa. Nilimkatia donge nikampa akande. Alilikanda mpaka likawa gumu kama jiwe, lakini nimelipika na tumelila.

Miaka miwili nimemwita huyu mtoto baridi ya friji. Droo ile ile iliyo na paspoti yangu ndiyo iliyo na yake.

Mei 4

Sijamaliza kupiga pasi, nimeshaanza kufagia, sijamaliza kufagia, niko mlangoni. Joto linafungua kila kitu kichwani. Nimemwambia Baba Turki kuhusu hati ya kutoka. Akasema, "Inshallah, baada ya Jeddah."

Jeddah ya nini? Hakuna aliyeniambia.

Mei 6

Nimejua ya nini, na afadhali nisingejua.

Tarehe ishirini na nane Mei ni sikukuu ya walinzi wa mpaka huko kwao. Kuna mzee mmoja, Ramil, alikuwa kambi moja na Babai, amekuja Jeddah kwa mwanawe ambaye ni mhandisi bandarini. Ameita wazee wenziwe watatu wanne walioko huku. Babai atapelekwa, avae koti lake, avae nishani zake zote. Madam amefurahi, anasema labda akimwona Ramil atakumbuka. Ameniambia nipige koti pasi na niandae kisanduku.

"Zitang'aa?" akauliza.

Nikasema zitang'aa.

Mei 17

Mei 10 Hezekiah alisema nijifanye mgonjwa. Mei 14 akasema kisanduku kinaweza kusahaulika Riyadh. Leo anasema kinaweza kuanguka barabarani, upepo ni mkali. Naandika yote kwa siku moja maana ni ujinga mmoja. Huyu kijana ananipenda na atanifunga jela.

Mei 26, Jeddah

Nitaandika polepole.

Tulitoka jana alfajiri kwa gari, kwa sababu Babai hawezi uwanja wa ndege. Mara ya mwisho alipokaguliwa na kijana wa uwanjani alimtaka yule kijana naye atoe hati zake. Baba Turki na watoto wakapanda ndege. Sisi tukawa Hezekiah kwenye usukani, Babai kando yake na kofia, mimi na Madam nyuma, kisanduku mapajani mwangu. Saa kumi za jangwa. Nilikuwa nimekikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Kabla ya Taif kuna kizuizi cha polisi. Askari mdogo, ndevu ndiyo kwanza zinaota, akainama dirishani kuomba ikama, vibali vyetu vya kukaa. Kabla Hezekiah hajafungua mfuko, Babai akashusha kioo chake, akapiga saluti, na kunyoosha kiganja. "Dokumenti."

Hezekiah akafunga macho. Madam akaanza kusema samahani, ni mgonjwa, ni mzee. Yule askari akamtazama Babai, akaitazama kofia. Kisha akasimama sawasawa, akapiga saluti, akatoa kitambulisho chake mwenyewe akakiweka kwenye kile kiganja. Babai akakisoma juu chini, herufi hazijui, akamlinganisha na sura, akamrudishia. "Harasho," akasema. Ni sawa. Yule kijana akatuambia, "Yalla, piteni," na ikama hakuziangalia.

Madam alikuwa analia na kucheka. Tulipofika kituo cha mafuta mbele kidogo akasema, "Leo yuko vizuri. Leo atazikubali. Toa nishani, tumvalishe hapa hapa."

Na mkono ukaja kwenye kisanduku.

Ningeweza kusema upepo. Ningeweza kusema nimesahau ufunguo, kisanduku hakina ufunguo. Hezekiah alikuwa ananiangalia kwenye kioo, macho yakisema nyamaza, nyamaza. Niliuweka mkono wangu juu ya mkono wa Madam.

"Usifungue kabla sijasema. Nimeziharibu. Siku ile ya kungoja wageni, Machi. Nilizisugua kwa jivu kama sufuria na dhahabu ikatoka kwa mbili. Sikuiba. Sikuuza. Imeenda na maji ya sinki. Niliogopa nikazigeuza, na tangu siku hiyo nimekudanganya kila asubuhi. Hezekiah hahusiki."

Akafungua. Akazichukua zile mbili, akazigeuza. Magari yaliingia, yakajaza, yakatoka.

"Hizi zilikuwa dhahabu," akasema.

"Najua, mwanangu."

"Mama yangu alizipenda hizi kuliko pete yake."

Akafunga kisanduku akakiweka upande wake. Pale njia inapogawanyika, Waislamu moja kwa moja kwenda Makka, sisi wengine tuzunguke, alikuwa amesema zamani kwamba atashuka amfanyishe baba yake umra. Hakushuka. Tulizunguka wote.

Mei 27

Baba Turki ameambiwa. Ameniita kwenye sebule ya nyumba hii waliyokodi, amekaa, mimi nimesimama. Jeddah joto lake ni la maji, kuta zinatoka jasho.

"Dhahabu iko wapi?"

"Kwenye bomba la Riyadh, bosi."

"Jivu haliondoi dhahabu."

"Nipe pete yako nikuonyeshe."

Nilikosea kusema hivyo. Lakini ndivyo nilivyo. Akasema hati ya kutoka mafi, hakuna, mpaka jambo hili lijulikane. Tukirudi Riyadh ataita watu wanaojua kuuliza.

Nilimpigia Maryann kwa simu ya Hezekiah. Sikumwambia. Akaniuliza, "Mama, umeshafunga mizigo?" Nikasema nimebakiza kamba.

Mei 28

Babai alivaa koti. Madam alishika kisanduku akasimama nacho katikati ya chumba, hajui afanye nini nacho. Mzee akanyoosha kiganja. Sisi tulidhani anataka hati. Akafungua kisanduku mwenyewe.

Akaishika ile moja nyeupe, akapitisha kidole gumba juu yake taratibu, pale pua ya askari ilipopungua. Akaishika ya pili. Kisha akasema neno kwa Madam, na Madam akakaa kitini ghafla.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema, umezipata wapi? Anasema hizi ni zake."

Nilidhani ni maradhi. Akajivika zote tano, tukaenda. Kwa mwana wa Ramil ni ghorofa ya nne, dirishani unaona winchi za bandari. Wazee watano na samaki wa kukaanga na chai. Ramil ni mfupi, tumbo mbele, sauti ya ng'ombe. Alimkumbatia Babai, akamshika mabega, akakiangalia kifua cha koti, kisha akaanza kucheka mpaka akakohoa. Mimi nilikuwa mlangoni na mkoba wa dawa, nikasema moyoni haya, aibu imefika mbele ya watu.

Lakini Ramil akaingiza mkono mfukoni akatoa zake. Zilikuwa na kipara kuliko za Babai. Askari wa juu yake hana uso kabisa.

Madam alinitafsiria baadaye, ingawa mengine niliyaona kwa mikono yao. Kambini kulikuwa na mkubwa wao aliyekagua mng'aro kila Jumamosi. Wakawa wanasugua kwa jivu la jiko na unga wa kusafishia meno. Mwaka wa pili hakuna aliyebaki na dhahabu. Aliyekuwa na dhahabu alijulikana kwamba ni wa ofisini, mto hajauona. Madam alipotaja dhahabu iliyotoka, Ramil akamuuliza, "Za baba yako zilikuwa nyeupe tangu kabla hujazaliwa. Nani aliwaambia kulikuwa na dhahabu?"

Madam akasema, "Mama."

Madam alikuwa mtoto wa miaka kumi baba yake alipostaafu. Mama alizipeleka mjini zikapakwa upya kama zawadi, na tangu hapo zikakaa nyuma ya kioo, asiguse mtu. Na tangu hapo mzee hakuzivaa. Watu wakafikiri hapendi makuu. Akili ilipoanza kupotea akasema wazi kwamba si zake, wakafikiri ni akili.

Baba Turki alikuwa pale pale. Kirusi anakijua, alikisoma. Ramil alimgeukia akamwambia yote tena kwa mikono, kana kwamba ni mjinga, akamwonyesha na kidole gumba kilivyosugua. Baba Turki aliangalia samaki.

Babai alikula samaki wawili. Uji wangu wa usiku hakutaka niuonje kwanza.

Mei 30, Riyadh

Tumerudi. Baba Turki hajataja hati. Nimeosha mapazia.

Mei 31

Mkataba umeisha leo. Nimeamka, nimepika, nimefua.

Juni 2

Madam aliingia chumba cha Baba Turki saa nne asubuhi akafunga mlango. Nilifagia ukumbi ule ule mpaka fagio likachoka. Sauti ilikuwa moja, ya Madam, na haikupanda. Adhuhuri ilipoadhiniwa akatoka na karatasi na paspoti yangu juu yake.

Nilipiga magoti, akaniinua. Kitu usoni mwake kikanizuia kufurahi.

"Umesema naye nini?"

"Nimemwambia ninakwenda kuona kaburi la mama, na wewe unakwenda kuona mtoto wako. Niliomba mbili." Akanikunjia vidole juu ya karatasi. "Amesaini moja."

"Ungeanza na yako."

"Nilianza na yangu."

Nimemkumbatia huyo mtoto wa watu mpaka nikahisi mbavu zake. Nimemwambia aombe tena kesho, na kesho kutwa, na aombe kwa sauti. Akasema ataomba.

Juni 4

Ninaandika uwanja wa ndege, kalamu inakaribia kwisha.

Hezekiah alikuwa ameshapakia sanduku, gari linanguruma. Babai alikuwa kwenye kiti chake getini, koti na joto lote lile, nishani tano. Hakuziacha tangu Jeddah, Madam anasema analala nazo kando ya mto wa kulalia.

"Dokumenti."

Mwaka mzima nimempa miko, mifuniko, pakiti za mchele, kadi ya kliniki. Leo nilimpa paspoti. Alishtuka kidogo alipoishika, vidole vyake vilijua. Alifungua ukurasa wa kwanza. Akasoma picha, akanisoma mimi. Akafungua ukurasa baada ya ukurasa, hata zile tupu. Hezekiah akapiga honi. Babai akamwinulia kiganja bila kugeuka, na honi ikanyamaza.

Akaniuliza kitu. Madam alikuwa nyuma yangu, akanitafsiria kwa sauti ndogo. "Anauliza unavuka kwa sababu gani."

"Mwambie nakwenda kuosha mtoto."

"Anauliza utarudi lini."

Nilimwangalia Madam, naye akaangalia lami. Nimeshadanganya nyumba hii vya kutosha.

"Mwambie sirudi."

Alimwambia. Mzee aliifunga paspoti, akaishika kifuani juu ya zile nishani, akakaa. Nikahesabu moyoni. Nilidhani sasa atasema niet, na sijui ningefanya nini, kumnyang'anya nisingeweza. Kisha akainuka kwa taabu, mguu wa kushoto kwanza. Akanirudishia kwa mikono miwili. Akafungua geti mwenyewe, akalishika lisijifunge.

"Harasho," akasema, akapiga saluti mpaka tukakata kona. Najua kwa sababu niligeuka. Madam alikuwa amesimama ndani, upande wa pili wa geti, mkono wake juu ya bega la baba yake.

Juni 7, Webuye

Msichana. Kilo tatu na kidogo. Amelia kabla hata hajatoka vizuri. Nimemwosha mimi.

Juni 8

Sufuria za Maryann ni aibu, nyeusi mpaka masikioni. Jivu nimelipata, ndimu ninazo. Nimeenda kitandani kwake nikamuuliza kwanza kama naruhusiwa. Amecheka akaniuliza, "Mama, unaumwa?"